Mkate wa Chungwa na Eda ya Mama

Wanawake vijana wanaokuja kwangu kusoma huniuliza, darasa likiisha, kwa nini mkate wangu wa chungwa hauna marashi, ilhali mama yangu aliyenifundisha alisifiwa mji mzima kwa marashi yake. Huwajibu kwamba chungwa linatosha. Ni kweli, linatosha. Lakini hilo si jibu lote. Mimi sasa ni mtu mzima, kila nikiamka namshukuru Mungu kwamba nimeamka, na nimeona si vizuri kuendelea kujibu nusu. Nimeandika lililobaki.

Jambo lenyewe ni fupi. Mama yangu hakukaa eda ya baba yangu. Alitaka kukaa kuliko alivyopata kutaka kitu kingine chochote, na hakupata.

Mkate ule haukuwa wa kwetu kwa asili. Mama alijifunza kwa jirani yetu, bibi wa Kimanga, Mwarabu wa Omani, ambaye nyumbani kwake mkate wa mayai ulipikwa kila Ijumaa. Mama akauongezea ganda la chungwa, kwa sababu shamba letu la Kaole lilikuwa na michungwa kuliko walaji, na yeye hakupenda kuona tunda linaoza chini. Yule bibi alipouonja mara ya kwanza alisema, "Umeniibia mkate wangu, na umeurudisha umeuvika nguo." Tangu siku hiyo wakawa kama ndugu.

Wengine walipika mkate wa mayai katika sufuria ya mviringo. Wetu ulikuwa mrefu. Baba alipata kuleta kutoka Unguja bweta la bati lililokuwa na majani ya chai, na fundi wa bati wa mtaa wa soko akalikata ubavuni, akakunja kingo zake, akatengeneza na kifuniko bapa cha kubeba makaa. Mkate ukitoka humo unakatika vipande sawasawa kama tofali, na una ncha mbili zilizokauka kuliko katikati. Baba alipenda ncha. Alikuwa akisema, "Nipeni mimi ncha zangu. Katikati ni ya wageni na wagonjwa."

Mama alivunja mayai katika bakuli, akatia sukari, akapiga kwa kishada cha chelewa, vijiti vya ukuti, alizozifunga mwenyewe. Hakuhesabu na hakutazama jua. Alisoma Yasini. Alianza kupiga alipoanza kusoma, na aya ya mwisho ilipokwisha mayai yalikuwa meupe na mazito, ukiinua chelewa povu linaning'inia. Nami ndivyo nilivyojifunza Yasini, kabla sijajua herufi hata moja, nikiwa nimechuchumaa uani namsubiri amalize nilambe zile chelewa. Baadaye alitia unga wa ngano kidogo kidogo, samli iliyoyeyushwa, iliki, na ganda la chungwa alilolikwangua kwa kisu, ile rangi ya juu tu, maana weupe wa chini yake una uchungu. Mwisho marashi ya waridi, kijiko kimoja, naye akijipaka yale yaliyobaki kijikoni shingoni na viganjani. Halafu moto wa vifuu vya nazi, mdogo chini, mkubwa juu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa kadiri. Alipanda bara na nguo na ushanga, akashuka na alichojaliwa, na katikati ya safari moja na nyingine alinisomesha. Alinimalizisha msahafu yeye mwenyewe, kisha akamwomba mke wa mwalimu wa msikiti wetu anisomeshe fikihi, elimu ya sheria ya dini, pamoja na binti zake. Watu walimuuliza binti atafanya nini na fikihi. Alijibu kwamba binti naye atakufa na atahojiwa kama wao. Mungu amrehemu.

Safari yake ya mwisho aliondoka katika mwezi wa Jamadi, miaka michache baada ya kuingia elfu na mia tatu ya Hijra. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa, nyumba yangu iko mtaa wa pili. Mama alimkaushia vipande vya mkate vya njiani, vigumu kama mbao, vya kuchovya katika kahawa. Alipokwisha kusomewa Fatiha na wazee, baba aligeuka mlangoni akamwambia mama, "Mkisikia bunduki zetu, wekeni moto." Maana misafara ikiukaribia mji hupiga bunduki, na anayejua hesabu yake ana muda wa kutosha kuoka mkate kabla mtu hajafika nyumbani.

Ikapita Rajabu, ikapita Shaabani, tukafunga Ramadhani. Hapakuwa na habari, wala hatukuzitarajia. Mtu aliyepanda Unyanyembe humtarajii kabla ya miezi minane au tisa.

Katika Mfungo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, tulikuwa na harusi Kaole, ya binti ya shangazi yangu, dada yake baba. Mama alioka kwa ajili ya harusi ile tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mkate juu ya mkate, mpaka nyumba nzima na nguo zilizoanikwa zikanukia chungwa na marashi. Alitiwa hina mpaka vifundoni. Alivaa vikuku vyake, akatia asmini nyweleni. Mama alikuwa mzuri, na siku ile alikuwa mzuri zaidi kwa sababu alikuwa na furaha.

Shangazi alimwona akashika kiuno. "Wifi, umejipamba hivi, bwana harusi si atapotea njia?"

"Akipotea mrudishe," mama akamjibu. "Mimi wangu yuko njiani."

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Nimelikumbuka cheko lile miaka mingi, maana ndilo lililokuja kumtesa.

Bunduki zilisikika katika Mfungo Tano, asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu mama. Mtoto wa jirani akapita mbio akisema ni watu wa Unyanyembe. Mama aliingia ndani akatoka na bakuli na mayai, na mimi nikaenda kuwasha vifuu. Machungwa yalikuwa machache msimu ule, lakini alikuwa ameweka mawili ndani ya mchele.

Alikuwa bado hajafika katikati ya Yasini tuliposikia hodi. Alikuwa rafiki yake baba, mtu wa Saadani, aliyesafiri naye tangu ujana wao. Alikuja na vumbi la njia miguuni, hata uso hajanawa.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Aleikum salaam. Karibu," mama akasema, mkono wake haujaacha kupiga. "Mwenzio yuko wapi? Umemwacha sokoni anajisifu?"

"Shemeji, weka hilo bakuli chini."

"Nikiliweka mayai yatashuka. Sema tu, nakusikia."

"Liweke, shemeji."

Akaliweka.

Yule bwana akasema kwamba Mungu amechukua amana yake. Homa ilimshika baba walipokuwa Ugogo, ikamlaza, haikumwinua. Walimkosha, wakamswalia, wakamzika, na kaburi wakalijengea mawe fisi wasilifukue.

"Lini?" mama akauliza.

"Katika Rajabu."

"Rajabu gani?"

"Hii iliyopita, shemeji."

Akaeleza, huku machozi yanashuka katika vumbi la mashavu yake, kwamba mbele kidogo walikutana na msafara unaoshuka pwani. Watu wale walikuwa tayari kuichukua habari. Yeye akakataa. Aliwaambia mtu kama yule kifo chake hakiwezi kuletwa na wapita njia, wakamkuta mkewe kisimani wakamwambia mbele ya watu. Ataileta yeye aliyemzika, kwa miguu yake, na ataisema ndani ya nyumba yake. Akaibeba mpaka Unyanyembe na akarudi nayo.

Ndiyo ilikuwa desturi yetu, na bado ninaiheshimu. Msiba huletwa na mtu wa karibu, hautupwi kama mzigo wa pagazi. Wanawake wa jirani waliokwisha kusogea ukumbini waliitikia kwa vichwa. Mama naye alimwambia, kwa sauti tulivu, "Ahsante, shemeji. Umemheshimu." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amehesabu miezi.

Mama akavua vikuku, akavua vipini vya masikio, akanipa. Akaniagiza nguo kuukuu. Akatandika mkeka katika chumba cha ndani, akashusha pazia, akakaa akielekea kibla. Alikuwa ameingia edani, kama mama yake alivyoingia, na mama wa mama yake. Kwetu mjane akishusha pazia, kila mtu anajua la kufanya. Hatoki bila haja, hajipambi, hajitii manukato, na wanawake wenzake wanamzunguka kwa zamu miezi minne na siku kumi. Wanampikia, wanamsomea, wanamsikiliza akimtaja marehemu mara mia kwa maneno yale yale. Siku ya mwisho wanamtoa. Wanamwogesha, wanamvika, wanamtia manukato, na yeye anarudi kuwa mtu kati ya watu. Ni ibada, lakini ni rehema pia. Mtu anapewa mahali pa kuuweka msiba wake.

Nilipotoka uani nilikuta lile bakuli pale pale. Povu lilikuwa limeshuka, mayai yamerudi kuwa maji.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda kwa mwalimu kupanga hitima na kuuliza eda ya mama itakwisha tarehe gani. Alasiri akarudi naye. Mwalimu alikuwa mzee mpole, mwenye macho mabovu. Kama jibu lingekuwa la kawaida angelimtuma mjomba nalo. Nilipomwona amekuja mwenyewe, papo hapo nikahesabu. Nilikuwa nimeusoma mlango ule wa fikihi mwaka mzima uliotangulia. Nikajua.

Mwalimu aliketi upande wa pili wa pazia. Mimi nilikuwa ndani na mama.

"Mungu akupe subira, mwanangu."

"Amin, mwalimu."

"Marehemu alifariki katika Rajabu. Ndivyo nilivyoambiwa. Una shaka na aliyekuambia?"

"Sina shaka naye. Alimzika."

"Basi nisikilize kwa imani. Eda ya mke haianzi siku alipopata habari. Inaanza siku mumewe alipofariki. Ukihesabu miezi minne na siku kumi tangu Rajabu, ilikwisha katika Mfungo Pili. Leo ni Mfungo Tano. Eda yako imekwisha."

"Imekwisha vipi, mwalimu, nami sijaianza?"

"Ilianza hujui, ikaisha hujui. Hakuna lililobaki juu yako."

"Nilikwenda harusini. Nilitia hina."

"Asiyejua hana dhambi. Usijitie dhiki."

"Niwie radhi, mwalimu, sikuuliza dhambi," mama akasema. "Nauliza nikae au nisikae."

Mwalimu akakohoa. "Ibada ina wakati wake."

"Ramadhani nayo ina wakati wake, na iliyokupita unailipa. Nilikuwa mgonjwa mwaka ule nilipomzaa huyu, nikafunga baadaye siku zangu zote. Hii hailipwi?"

"Hii hailipwi."

"Hata nikitaka mwenyewe?"

Nilimsikia mwalimu akivuta pumzi. Alikuwa amemjua baba tangu baba ni kijana. "Lau ingelikuwa mkononi mwangu, mwanangu, ningekupa. Haiko mkononi mwangu. Kumlilia mumeo hakuna anayekukataza. Lakini kujifungia ukasema niko edani, na Mungu amekwisha kukutoa, sina ruhusa ya kukuambia fanya."

Mama akainamisha kichwa. "Nimesikia na nimetii."

Akainuka pale pale. Akapandisha pazia kwa mkono wake, akatoka uani mbele ya wanawake wote, akamwaga yale mayai, akaosha bakuli. Nilitamani alie kwa sauti. Hakulia. Alisugua bakuli lile kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena.

Hitima ilisomwa, na mwalimu mwenyewe alieleza msikitini ili watu wasimsengenye. Wanaume walielewa. Wanawake wengi waliambiwa na waume zao, nao walielewa kwa masikio tu. Siku mama alipotokea kisimani na ndoo yake, waliokuwapo waliacha kusema. Mmoja aliuliza, kama anayejisemea, "Hata wiki haijatimia?" Mama alimsalimu kwa jina la mtoto wake, akateka maji, akarudi.

Lililomuumiza zaidi lilitoka kwa shangazi. Alikuja kutoka Kaole siku chache baada ya hitima, akamkuta mama jikoni anapepeta mchele. Akasimama mlangoni.

"Kaka yangu hana hata mtu wa kumkalia," akasema. "Wenzako huhesabu siku ili watoke. Wewe umetoka kabla ya kuingia."

Mimi nikafungua kinywa nimjibu kwa hukumu niliyoisoma. Mama akaninyamazisha kwa jicho. Akaweka ungo chini.

"Nionyeshe mlango wa kuingilia, wifi," akasema. "Nionyeshe, niingie sasa hivi, nawe ufunge kwa nje."

Shangazi alimtazama. Kisha akakaa chini pale pale kwenye makapi, na nguo yake nzuri, akaanza kulia, na hapo ndipo mama alipolia. Nikawaacha.

Mambo mengine yakafuata, maana hukumu ikikushika inakushika pande zote. Kwa kuwa eda imekwisha, hapakuwa na kizuizi cha ndoa. Hazikupita wiki mbili, mfanyabiashara mmoja mwenye heshima zake akamtuma mtu kwa mjomba. Mjomba alikuja na maneno yale ameyashika kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Sikatazi alichokihalalisha Mungu," mama akamwambia. "Mwambie nashukuru kwa kunikumbuka. Na mwambie sitaki."

Usiku na mchana alikuwa mtulivu mbele za watu. Lakini nikija kwake tukiwa wawili, alikuwa akizipitia siku zile moja moja, kama mtu anayetafuta pete ndani ya pishi ya mtama. Siku ya Idi alivaa nini. Ijumaa ile alipokwenda kwa bibi wa Kimanga walicheka nini. Na harusi, kila mara harusi. "Nilisema wangu yuko njiani," alikuwa akisema. "Alikuwa ana miezi kaburini, mimi nasema yuko njiani, na asmini kichwani."

Siku moja akaniuliza, "Wewe umesoma. Lile ganda la chungwa ni manukato?"

Nikamletea kitabu, ingawa jibu nililijua, kwa sababu nilitaka aone kwamba sikulitunga ili kumfariji. Nikamsomea. Tunda linaloliwa kwa ladha yake si manukato, hata likinukia vipi. Chungwa ni chakula.

"Na marashi?"

"Marashi ni manukato, mama."

Akaitikia polepole. "Nilijipaka yaliyobaki kijikoni. Kila mara nilijipaka." Akaenda kabatini, akatoa ile chupa ya marashi, akanipa. "Mpelekee jirani. Mwambie ni zawadi yake." Tangu hapo hakutia tena. Alioka kama zamani, alimpa kila mtu aliyekuwa akimpa, na watu walisema mkate umepungua kitu bila kujua kwa nini. Nami sikuwahi kutia.

Rafiki yake baba alisikia habari yote msikitini Saadani, akaja. Alikataa kuingia. Alikaa barazani, kofia yake mapajani. Nikampelekea kahawa na mkate, mama akasimama nyuma ya mlango.

"Shemeji," akasema, "ningeliwapa wale watu maneno kule Ugogo, ungelipata siku zako. Kama si zote, nyingi."

Nilidhani mama atamwambia sivyo, kama watu wanavyomwambia mtu mwenye majuto. Lakini mama hakuwa mwongo.

"Ndiyo, shemeji. Ningelipata."

Yule bwana akafunika uso.

"Lakini ungelikuwa si wewe," mama akasema. "Na yeye asingelisafiri miaka yote ile na mtu mwingine. Kula mkate. Kata ncha, ndiyo yake, leo ni yako."

Alikula. Sijapata kuona mtu anakula kwa shida namna ile, wala kumaliza kila punje iliyoanguka kwenye nguo yake. Aliendelea kuja kila aliposhuka mjini, mpaka vita vya pwani vilipotutawanya, na mama hakuwahi kumwekea kinyongo. Mimi nilimwekea kwa muda, Mungu anisamehe. Kijana huona wepesi kumkasirikia mtu kuliko kukubali kadari.

Sasa nifike kwenye langu.

Kabla ya vita hivyo, ndui iliingia mjini. Mume wangu alikuwa mtu wa Mkange, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, aliyenipenda kwa namna ya watu wa maneno machache, yaani alinijazia mitungi maji bila kuambiwa. Alirudi kutoka shambani na homa, na haikuchukua siku nyingi. Alifia nyumbani, mkono wake mkononi mwangu, tukiwa tumemsomea. Nililia nikamshukuru Mungu kwa wakati mmoja, na anayedhani haiwezekani hajaona. Nilijua saa aliyokufa. Nilishusha pazia siku ile ile.

Jioni yake mama alikuja. Alikuwa amebeba mkeka wake kwapani na msahafu wake kichwani. Nguo alizovaa zilikuwa kuukuu, zisizo na pambo, na masikio yake yalikuwa wazi, bila vipini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kukaa."

Akatandika mkeka wake kando ya wangu, akielekea kibla.

Nilidhani ni siku tatu, au wiki. Mama hakuondoka. Majirani walibadilishana zamu zao, yeye akabaki. Alialikwa harusi mbili, akatuma salamu kwamba ana binti edani, hawezi. Idi ilipofika tulimletea hina, akasema mikono yake ina nyufa. Wanja hakupaka. Sikumwuliza, na yeye hakusema. Mwanamke kukaa na binti yake mfiwa si jambo lililokatazwa popote, nami nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua hivyo, na kujua pia kwamba mengine hayatakiwi kupelekwa kwa mwalimu.

Nyuma ya pazia lile ndipo nilipomjua baba yangu. Mimi nikimtaja mume wangu, mama alinisikiliza mpaka mwisho, na mimi nikinyamaza, yeye alianza. Alinieleza walivyoonana mara ya kwanza, baba alivyokuwa akikoroma, walivyogombana juu ya mbuzi, alivyomfundisha kusoma saa katika safari moja ya Unguja. Maneno yale yale alirudia mara nyingi, na kila mara nilimwitikia kama sijapata kuyasikia. Mwenyewe pia nilirudia yangu. Shangazi alipotuletea chakula alikuwa akichungulia na kusema, "Humu hata panya hapati nafasi ya kusema." Alikuwa amezeeka, na ulimi wake haukuwa umezeeka.

Siku nyingine tulitoka uani tukaoka mkate, maana mjane hakatazwi kupika. Mimi nilipiga mayai na mama alisoma. Mara moja, katikati ya sura, sauti yake ilikatika, nami nikaendelea kusoma nikipiga, mpaka akaweza kuniunga.

Miezi ikatimia. Asubuhi ya kutolewa kwangu wanawake walikuja na khanga mpya, sabuni, udi, na mafuta ya asmini. Shangazi ndiye aliyekuwa na ndoo, kwa haki ya ukubwa wake. Walinikuta nimesimama, na mama bado ameketi kwenye mkeka wake, mikono mapajani, anatazama chini kama mtu anayengoja kuitwa.

Msichana mmoja, binti wa mke mwenza wa jirani, asiyejua lolote, akamwambia, "Bibi, utupishe kidogo tumwogeshe mjane."

Mama akaanza kuinuka. Alitafuta ukuta kwa mkono ili asimame.

"Wewe, kaa," shangazi akamwambia mama. Kisha akatazama ndani ya ndoo yake, akamgeukia yule msichana. "Haya maji hayatoshi watu wawili. Nenda kateke mengine."

Yule msichana alikwenda, na mama akaketi tena kwenye mkeka wake kumngoja.